Tahadhari Ifike Kabla ya Dau Kuondoka

Hii ni hotuba niliyoitoa Tanga mjini katika maadhimisho ya Siku ya Redio Duniani, mbele ya watangazaji, viongozi wa vikundi vya wavuvi, watendaji wa kata na wasikilizaji wetu. Wengi walikuwa kazini au baharini wakaomba waipate. Naiweka yote kama nilivyoisema.

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wetu wa mkoa na wilaya, watangazaji wenzangu, wazee wangu wa madiko, kule vyombo vya uvuvi vinakofikia, na mama zangu mnaonunua na kukaanga samaki: Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee, shikamoni.

Nimepewa nafasi nizungumzie redio zetu na dhoruba. Masika yako mlangoni, kwa hiyo sina muda wa kuzunguka. Nina jambo moja la kusema, na nitalirudia. Tahadhari haijatolewa kwa sababu tumeisoma hewani. Imetolewa pale mtu aliye hatarini alipoisikia, akaielewa, na bado ana muda wa kufanya kitu. Bado ana muda! Hapo ndipo penye kazi yetu yote.

Hebu tulitazame angalizo la kawaida la Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, lile tunalolipokea mara kwa mara kipindi cha kusi, upepo wa kutoka kusini. Linasema kunatarajiwa upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili katika baadhi ya maeneo ya ukanda wa pwani ya Bahari ya Hindi. Linataja mikoa: Tanga, Pwani pamoja na Mafia, Dar es Salaam, Lindi, Mtwara, na visiwa vya Unguja na Pemba. Linasema uwezekano wa kutokea ni wastani na kiwango cha athari ni wastani. TMA wameishamaliza kazi yao hapo, na wameifanya kwa uaminifu. Wao wanaitazama bahari yote, kuanzia mpaka wa Kenya hadi mpaka wa Msumbiji.

Sasa mtangazaji wa Tanga anaichukua taarifa ile, anaisoma neno kwa neno kwenye habari za saa mbili usiku, na tena kwenye habari za saa moja asubuhi. Nauliza: saa moja asubuhi, mvuvi wa Kigombe yuko wapi? Wavuvi mliomo humu, nijibuni.

(Ukumbi ukajibu: Baharini!)

Yuko baharini. Aliondoka saa kumi alfajiri na umande, upepo wa bara unaomtoa nje bila kuchoma mafuta. Na yule wa dagaa, anayevua kwa taa siku za giza, alishusha chombo jana jua likizama. Saa mbili usiku, wakati sisi tunasoma habari kwa sauti nzuri, yeye alikuwa anawasha taa zake nje ya miamba. Aliyetusikia ni mkewe. Na mkewe afanye nini na habari hiyo? Akae mlangoni atazame mawingu?

Ndugu zangu, hili halihitaji mitambo mipya wala mfadhili. Linahitaji kubadili saa. Nawaomba mameneja wa vituo vyote mnaosikika kwenye mwambao huu, kuanzia Moa mpaka Mkwaja: wekeni dakika tatu za bahari saa tisa na nusu alfajiri, na dakika tatu nyingine saa kumi jioni. Kila siku. Hata bahari ikiwa shwari kama leo, kila siku. Semeni upepo unatoka wapi na una nguvu gani, mawimbi yakoje, maji yanajaa saa ngapi, ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au ni maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Mvuvi akizoea kuwasha redio saa hiyo kwa sababu anapata habari ya maji kujaa na kupwa, siku ya hatari itamkuta redio imewashwa. Ukimtafuta siku ya hatari peke yake, hutampata.

Najua vituo vingi havina mtu saa tisa usiku. Kompyuta ndiyo inayopiga muziki. Sawa, siku za kawaida rekodini jioni. Lakini siku ambayo TMA wametoa tahadhari, mtangazaji na fundi mitambo walale kituoni. Godoro moja na kandili ya kuchaji haviwezi kutushinda.

Kuhusu lugha ya taarifa yenyewe. Jamani, hakuna mtu anayeishi "baadhi ya maeneo". Watu wanaishi Sahare, wanaishi Mwambani, Tongoni, Mwarongo, Ushongo, Kipumbwi. Mtu akisikia "baadhi ya maeneo" moyoni anasema hao ni wengine. Akisikia jina la kijiji chake, anaacha kula, anaongeza sauti ya redio. Ndivyo tulivyo binadamu wote.

Nitawapa mfano niliousikia kwa masikio yangu. Dada mmoja, mtangazaji kijana, alipokea angalizo la aina hii niliyowasomea. Kabla ya kufungua maiki akampigia simu mtaalamu wa hali ya hewa, akamuuliza mambo mawili: upepo utaanza kuongezeka saa ngapi kwa upande wetu, na utapungua lini. Akaandika majibu kwa kalamu nyuma ya karatasi ya ratiba ya matangazo ya biashara. Kisha akasema hivi: "Wavuvi wa Tongoni na Mwarongo, kesho kusi itaongezeka kuanzia saa nne asubuhi mpaka jioni. Ukitoka alfajiri, saa nne ikukute umerudi. Mwenye ngalawa au mtumbwi asivuke mwamba kwenda nje. Wimbi la mita mbili ni kimo cha mlango wa nyumba yako. Taarifa hii ni ya saa tatu usiku huu, nyingine nitawapa saa tisa na nusu alfajiri."

Mmesikia alivyofanya? Ametaja mahali. Ametaja saa. Amesema nani afanye nini. Amempa mtu kipimo anachokijua, kwa sababu mita mbili kwa mtu aliyeketi sebuleni ni kitu kidogo. Na amesema atarudi lini. Wala hakubuni hata neno moja. Kila alichokisema kilitoka kwa mtaalamu. Hili nalisisitiza kwa vijana wetu: kwa Sheria ya mwaka 2019 iliyounda Mamlaka ya Hali ya Hewa, kutoa tahadhari ya hali mbaya ya hewa ni kazi yao, si yetu. Kazi yetu ni kuichukua tahadhari hiyo na kuifikisha mlangoni kwa mtu, katika maneno ya mtu huyo. Mtangazaji hana ruhusa ya kuongeza chumvi ili kipindi kichangamke. Dhoruba haihitaji kuchangamshwa.

Wapo watakaoniambia: bwana, Tanga hatuna vimbunga, hayo ni ya Msumbiji na Madagaska. Nawaheshimu wanaosema hivyo, kwa sababu wana chembe ya ukweli. Kimbunga kinahitaji maji ya bahari yenye joto, na kinahitaji msukumo unaotokana na dunia kuzunguka ili nacho kijizungushe. Ukikaribia ikweta msukumo huo unafifia. Sisi tuko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, ndiyo maana vimbunga vingi vinavyozaliwa katika bahari yetu huelekea kusini. Kimbunga Kenneth, tarehe 25 Aprili 2019, kiliingia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma.

Lakini nadra si kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, na Unguja iko nyuzi sita kusini mwa ikweta. Wale ni majirani zetu. Kilivunja meli na majahazi bandarini, zikiwemo meli za Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar. Kiling'oa mikarafuu na minazi shamba kwa shamba. Ng'ambo huku bara, Bagamoyo, kiliharibu majengo ya misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu. Wale watu hawakuwa na wa kuwaambia. Waliona mbingu imebadilika, na basi. Mwaka 1952, Aprili hiyohiyo, kimbunga kikaipiga Lindi.

Na mwaka 2024 sote tuliomo humu tulikuwepo. Kimbunga Hidaya. TMA walianza kukitangaza siku kadhaa kabla, na Tanga tulikuwamo katika mikoa iliyotahadharishwa. Jumamosi ya tarehe 4 Mei kikaingia Mafia kikiwa kinapoteza nguvu. Mvua zake zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, wilayani Kilwa, kusini ikatengana na nchi. Huku kwetu hakikufika kama kimbunga. Tulimshukuru Mungu. Lakini kesho yake nilisikia watu mtaani wanasema, "Tulitishwa bure." Maneno hayo nitayarudia baadaye, maana ni hatari kuliko mnavyodhani.

Kwanza nataka mkumbuke mambo mengine mawili ya mwezi ule. Jumamosi ileile sehemu kubwa ya nchi ilikosa umeme kwa hitilafu ya Gridi ya Taifa. Na wiki moja baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, intaneti ikasuasua Afrika Mashariki nzima na sisi Tanzania tukaumia sana. Tafakarini: umeme katika wiki ya kimbunga, intaneti wiki iliyofuata. Je, mambo hayo yangetokea siku moja, na maji yako kwenye magoti? Yale makundi ya WhatsApp tunayoyategemea yangetusaidia nini? Mnara wa simu una betri za saa chache. Zikiisha unahitaji jenereta, jenereta inahitaji dizeli, na gari la dizeli linahitaji barabara.

Redio ya FM inahitaji vitu vichache mno. Kule kituoni: maiki, mtambo wa kurushia, mnara na jenereta. Huku kwa msikilizaji: kiredio cha betri, au simu ndogo ya vitufe yenye waya wa masikioni. Haili bando. Haihitaji salio. Watu elfu hamsini wakiwasha kwa pamoja haizidiwi, kwa sababu mtambo hata haujui ni wangapi wanaosikiliza. Na baharini FM inakwenda mbali vizuri, hakuna mlima wa kuizuia. Tabu iko Lushoto, kwenye mabonde, ambako unaweza kusikia kituo ukiwa juu ya mtelemko na ukakipoteza ukishuka. Mafundi wetu walioko humu wanalijua hilo, na ramani ya mabonde yasiyosikia wanayo kichwani. Naomba iandikwe karatasini.

Lakini hayo yote ni bure kama redio yenyewe imezima.

Niwapeleke Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani. Tarehe 20 Septemba 2017 kimbunga Maria kilikipiga kisiwa hicho. Umeme ulikatika kisiwa kizima. Minara ya simu, katika kila mia moja, tisini na tano ilikuwa imekufa. Fikirini nchi tajiri kama ile, mtu hawezi kumpigia mama yake aliye mtaa wa pili. Kituo kimoja, WAPA Radio cha San Juan, kilibaki hewani kikisikika kisiwani kote. Kimoja! Watu wakaanza kwenda kituoni kwa miguu na kwa magari, wameshika vikaratasi: mwambieni kaka yangu wa mji fulani tuko hai, mama yetu yuko salama, nani amemwona baba. Watangazaji wakawa wanasoma majina saa baada ya saa. Hata viongozi wa miji walikwenda kituoni kusema miji yao inahitaji nini, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kusikika.

Kwa nini kituo kile kilibaki na vingine vikanyamaza? Hakuna muujiza. Kilikuwa na mitambo na jenereta zilizoandaliwa kabla.

Sasa niwaulize wamiliki wa vituo vyetu, na ninauliza kwa heshima. Leo, tukitoka hapa, jenereta ya kituo chako ina dizeli ya saa ngapi? Mara ya mwisho iliwashwa lini ikabeba mtambo mzima, na siyo taa za ofisini tu? Iko juu ya msingi au iko sakafuni mahali ambapo mvua ya Novemba iliyopita ilijaa? Nyaya zinazoshikilia mnara, nani alizikagua, na chumvi ya bahari imezila kiasi gani? Mnara ulio mita mia chache kutoka ufukweni unaliwa na kutu mchana na usiku. Kabla ya masika fundi apande, akaze, abadilishe. Gharama yake ni ndogo kuliko tangazo moja kubwa la biashara, na siku mnara ukianguka, hata hayo matangazo ya biashara hayatakuwepo.

Nirudi kwenye yale maneno: "Tulitishwa bure."

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970, kimbunga kilipiga mwambao wa nchi inayoitwa leo Bangladesh, wakati ule Pakistani ya Mashariki. Bahari ilipanda juu ya visiwa na vijiji watu wamelala. Walikufa watu wasiopungua laki tatu. Laki tatu, ndugu zangu. Na sehemu inayoniumiza ni hii: wengi wao walikuwa wamesikia kwamba dhoruba inakuja. Redio ilisema. Lakini wachache sana walihama. Wengi hawakuwa na pa kukimbilia, na hakuna mtu wa kijijini kwao, mtu wanayemjua kwa jina, aliyewagongea mlango akasema twende.

Miaka miwili baadaye, 1972, nchi ile ikaanzisha mpango wa kujiandaa na vimbunga, serikali ikishirikiana na Msalaba Mwekundu. Walichagua watu wa kujitolea kijiji kwa kijiji. Kila kikundi kikapewa redio, kipaza sauti cha mkononi, king'ora cha kuzungusha kwa mkono, na bendera. Redio ikitangaza, wao wanatoka: mmoja anapandisha bendera, mwingine anapita na kipaza sauti, mwingine anawabeba wazee kuwapeleka kwenye majengo ya ghorofa yaliyojengwa kwa ajili hiyo. Leo wako zaidi ya 70,000, na nusu ya hao ni wanawake. Mwaka 2007 kimbunga Sidr kikawapiga kwa nguvu kubwa mno. Walikufa watu wapatao 3,400. Kila mmoja ni msiba kwa watu wake, sisemi ni wachache. Lakini linganisheni na laki tatu.

Redio peke yake haikuwaokoa wale wa 1970. Redio yenye mtu mwisho wa safari yake ndiyo iliyowaokoa wale wa 2007.

Sisi tuna watu hao? Tunao! Kila diko lina viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za ufukwe wao. Kila kata ina mtendaji, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Misikiti yetu ina vipaza sauti vinavyofika mbali, makanisa yana kengele. Imamu akisikia redioni kwamba maji yatapanda usiku wa leo, baada ya swala ya Isha anaweza kuutangazia mtaa mzima kwa dakika moja. Na wapo ndugu zetu viziwi, ambao redio haitawafikia hata tukipiga kelele vipi. Hao wanahitaji jirani aliyepewa jukumu kwa jina lake.

Tena wapo mama zangu hawa waliokaa safu ya mbele. Mnanunua samaki mikononi mwa wavuvi kila siku, kwa hiyo mnajua kuliko mtu yeyote nani katoka na nani hajarudi. Mnalijua dau kwa tanga lake likiwa bado mbali. Bahari ikichafuka, mtu wa kwanza ambaye kituo cha redio kinapaswa kumpigia pale Sahare au Kipumbwi ni nyinyi. Namba zenu hatuna. Tuna namba za wanasiasa na wasanii, namba zenu hatuna, na hili lazima lirekebishwe leo.

Na hao waliosema walitishwa bure, nani aliwajibu? Hidaya ilipopita tulirudi kwenye muziki. Tulipaswa asubuhi yake kumleta mtaalamu studioni aeleze: kimbunga kilipoteza nguvu kilipogusa ardhi Mafia, kingeweza kufanya tofauti, na tazameni Somanga. Mtu akielezwa kwa nini hatari haikumfikia, safari nyingine atahama. Akiachwa hivihivi, safari nyingine atabaki kitandani. Imani ya msikilizaji inajengwa siku ambayo hakuna kilichotokea.

Imani hiyo inalindwa pia kwa kutaja saa. Sauti za kusambazwa kwenye simu hazina tarehe. Mtu anatumiwa sauti ya kutisha, haijui ni ya leo au ya miaka mitatu iliyopita, haijui ni ya Tanga au ya Beira. Redio iseme kila mara: hii ni taarifa ya saa tisa alasiri, kutoka TMA, inayofuata ni saa kumi na mbili jioni. Na saa kumi na mbili ikifika, hata kama hakuna jipya, rudi useme hakuna jipya. Mkisikia uvumi, msiukimbie. Utajeni, semeni mmemuuliza nani na amejibu nini. Na mkiulizwa jambo ambalo bado halijathibitishwa, semeni halijathibitishwa.

Jambo jingine linahusu sisi wenye vituo, na nalisema tukiwa tunatazamana usoni. Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipouzamisha mji wa New Orleans, kituo cha WWL kilibaki hewani, watu waliokwama wakawa wanakipigia simu waeleze walipo. Siku chache baadaye kampuni za redio za mji ule, ambazo jana yake zilikuwa zinanyang'anyana wasikilizaji na matangazo, ziliungana zikarusha matangazo ya pamoja. Watangazaji wa kampuni hii wakakaa meza moja na wa kampuni ile. Hakuna aliyeuliza msikilizaji ni wa nani.

Sisi tunaweza? Tanga mjini vituo viko vingi. Jenereta ya mmoja ikifa, je, mwingine atamkaribisha mtangazaji wake aendelee kuwahudumia watu? Nadhani mtafanya hivyo, nawajua. Lakini makubaliano ya namna hiyo hayafanywi usiku wa dhoruba simu zikiwa hazipatikani. Yanafanywa mwezi huu, kwa maandishi, mkurugenzi kwa mkurugenzi.

Na ushirikiano huo usiishie mjini. Mto Pangani unaanzia Kilimanjaro na Meru, unapita Bwawa la Nyumba ya Mungu, unakuja Korogwe, ndipo unamwaga maji yake baharini pale mjini Pangani. Maana yake nini? Maana yake jua linaweza kuwaka Pangani, watoto wanacheza mtoni, huku mafuriko ya mvua iliyonyesha mbali sana yako njiani. Mtu wa Korogwe anayaona maji kabla. Wenzetu wa Pangani FM, redio ya jamii iliyoko palepale mdomoni mwa mto, wanapaswa kuwa na simu ya mtu wa Korogwe atakayewaambia leo maji yamefika kwenye nguzo gani ya daraja. Simu moja ya dakika moja. Mkulima wa ukingoni anahamisha mbuzi, mwenye duka anapandisha magunia. Vivyo hivyo barabara ya Mombo kwenda Lushoto, pale Soni: dereva wa basi ndiye wa kwanza kuona mawe yameanguka. Awe na namba ya kituo, na kituo kimsikilize.

Dhoruba ikipita kazi bado ipo, na hapa nitapita haraka kwa sababu wengi wenu mnaifanya vizuri. Waya ulioanguka usiguswe. Maji ya kisima kilichofurika yachemshwe, kipindupindu hufuata nyuma ya maji. Barabara ipi inapitika, shule ipi imefunguliwa, zahanati ipi ina dawa. Na majina ya watu wanaotafutana, someni, msichoke kusoma. Ila jina la marehemu lisitajwe hewani kabla familia yake haijaambiwa. Hakuna mama anayestahili kujua msiba wa mwanawe kutoka redioni akiwa jikoni.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimalizie kwa mambo ya utendaji.

Kuna karatasi inapita kuanzia safu ya nyuma. Kila kiongozi wa diko, kila mtendaji, kila imamu na mchungaji, na kila mama anayenunua samaki, andika mahali unapotoka, namba yako, na namba ya mtu wa pili endapo wewe hupatikani. Orodha hiyo nakala zake zitakwenda kwenye vituo vyote, na kwa TMA.

Ijumaa ya wiki ijayo, saa tisa na nusu alfajiri, tutafanya jaribio. Umeme wa kituo utazimwa kwa makusudi, jenereta itawashwa, na mtangazaji atasoma taarifa ya bahari ya dakika tatu akianza kwa kusema wazi kwamba hili ni jaribio. Viongozi wa madiko, kuanzia Moa hadi Mkwaja, naomba muwe macho na redio mkononi. Anayesikia vizuri apige simu aseme amesikia. Anayesikia mkwaruzo mtupu, huyo ndiye ninayemhitaji zaidi: apige aseme yuko wapi, ili fundi ajue pa kuanzia kabla mvua hazijaanza. Namba ya kituo imeandikwa juu ya karatasi hiyohiyo kwa wino mwekundu.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Karatasi isiruke mtu.